Mpiga Kodiani wa Temeke na Mfaransa wa Santuri

Chumbani kwa mpiga kodiani kulikuwa na kitanda kimoja cha kamba, na iliyokilalia ni kodiani. Yeye na mkewe walilala mkekani. Msimu wa mvua sakafu za Temeke hutoka jasho, naye aliogopa unyevu usije ukaingia kwenye mivukuto, ile sehemu ya katikati inayofunguka na kujifunga kama kifua cha mtu anayehema. "Mie mgongo ukilowa, jua likitoka utakauka," alikuwa akisema. "Hii ikilowa imekwisha." Mkewe, Bi Somoe, alinisimulia hayo uani tukipepeta mchele, huku akicheka. Miaka ile ya mwanzo alikuwa bado anacheka.

Tulikaa nyumba moja, milango inatazamana, tangu mume wangu alipopata kazi bandarini hadi tulipohamia Kinondoni. Ilikuwa baada ya vita, Mwingereza akitawala bado, na Temeke yenyewe ilikuwa mihogo na minazi iliyoanza kupisha nyumba. Sote tulimwita Fundi. Alikuwa mrefu, mabega yameinamia mbele kama mtu aliyekumbatia kitu, hata siku ambazo hakukumbatia chochote. Utoto wake na ukoo wake sikuvijua wala sikuviuliza. Nilijua kwamba alipigana katika jeshi la Keya, lile la askari Waafrika wa Mwingereza, huko Bukini, kisiwa ambacho siku hizi wanakiita Madagaska, na kwamba wenzake waliporudi na mablanketi na viatu, yeye alirudi na kodiani mgongoni na santuri moja iliyofungwa ndani ya shati.

Vidole vyake alivitunza kuliko uso. Kila jioni alivipaka mafuta ya nazi ya vuguvugu, kimoja kimoja. Hakushika shoka, hakushika jembe. Kuni alipasua Bi Somoe, na majirani walisema wazi kwamba mwanamume yule ni mvivu. Mimi nilipokuwa na mimba ya mdogo wa binti yangu Tatu, miguu imevimba, mtu huyohuyo mvivu alinichotea maji bombani asubuhi zote, debe begani, wala hakuombwa. Nilimwambia, "Fundi, si utaumiza vidole?" Akajibu, "Debe nalibeba kwa bega, Mama Tatu."

Alikuwa na ugomvi na sauti mbaya. Muuza samaki akipita akinadi, Fundi hutoka barazani na kumwelekeza: "Panda kidogo, panda, sasa shuka!" Muuza samaki alimtukana wiki nzima, kisha siku moja tukamsikia anapanda na kushuka kama alivyofundishwa, na samaki wakamtoka mapema. Lakini Fundi huyo aliyemvumilia muuza samaki hakuvumilia wanafunzi. Vijana walimjia kujifunza kodiani na wote waliondoka wakilia. Ijumaa hakupiga kabisa. Kwenye matanga alikaa mwisho wa jamvi, mikono imefichwa kwapani, maana alijua ikiachwa huru itaanza kucheza magotini.

Siku hizo alitakiwa kila mahali. Harusi ya Keko, Fundi. Harusi ya Chang'ombe, Fundi. Kulikuwa na watu wa ngoma ya beni na matarumbeta yao, kulikuwa na vijana wa gitaa wa Kariakoo, kulikuwa na mzee mmoja wa zeze aliyekuwa akiwaliza wanawake. Kodiani iliwapita wote, kwa sababu mtu mmoja tu alikuwa nayo, na mtu huyo alijua kuitumia.

Basi Bwana Hamadi, mwenye hoteli ya chai pale njia panda, akanunua gramafoni. Santuri alikuwa nazo mbili tatu, za nyimbo za Kihindi na Kiarabu. Fundi akaenda kwake mwenyewe, kwa miguu yake, akafungua lile shati na kumkabidhi santuri ya Bukini. Ilikuwa ya Mfaransa mmoja anayepiga kodiani. Hapakuwa na maneno ndani yake, kodiani tu.

Bi Somoe alimuuliza kwa nini anatoa kitu alichokilinda vitani. "Wakimsikia yeye," alisema Fundi, "watanielewa mimi."

Walimsikia. Lililowapata watu wa Temeke baada ya hapo sijui nilielezeje. Wimbo ule ulianza polepole kama mtu anayekuja kutoka mbali, halafu ukakimbia, halafu ukacheka. Wabebaji wa bandari walisimama mlangoni na magunia yao vichwani. Makarani wa bara, ambao hawakuwa wakinywa chai na watu wa pwani, sasa wakawa wanakaa meza moja nao. Wanawake tulisimama barazani nje, tukisikilizia dirishani. Kila mtu akawa na habari za Mfaransa. Mmoja alisema ni kipofu. Mwingine alisema ana vidole sita mkono wa kulia. Mwingine alikula kiapo kwamba amesilimu.

Na mabishano yakaanza, yale ya nani zaidi ya nani. Nakumbuka mchana mmoja wamejaa, Bwana Hamadi mwenyewe anawapanga watu kwa vidole.

"Wa kwanza Mfaransa. Hilo halina maneno. Wa pili vijana wa gitaa. Wa tatu mzee wa zeze."

"Na Fundi?" mtu akauliza.

"Fundi..." Bwana Hamadi akatazama vidole vilivyobaki. "Fundi anapiga kitu kilekile cha Mfaransa. Ukishamhesabu Mfaransa, Fundi unamhesabu wa nini?"

Fundi alikuwa amekaa hapohapo, kikombe mkononi. Kijana mmoja akataka kumfurahisha akasema, "Aa, huyo Mfaransa naye ni kelele tu." Fundi akageuka na kumkaripia vibaya mno. "Funga mdomo! Yule mtu anajua. Wewe unajua nini?" Kisha akainuka, akaichukua santuri, akaifuta vumbi kwa ncha ya kanzu yake, akairudisha mahali pake.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Nyumbani alimlaani Mfaransa kila siku ya Mungu. Hotelini hakuruhusu mtu amguse.

Kilichomwangusha hasa ilikuwa harusi moja ya Keko. Homa ilimshika asubuhi. Bi Somoe akamwambia asiende, naye akasema asipokwenda leo hawatamwita tena. Alikwenda amejitanda koti la jeshini juani, meno yanagongana. Wimbo ulianza vizuri, kisha kikohozi kikampanda na mivukuto ikafungwa ghafla katikati, wanawake wakabaki mguu mmoja juu. Akaanza upya. Akakohoa upya. Mjomba wa bwana harusi hakumtukana, alimletea maji, akamketisha kivulini, kisha akamtuma mtu kwa Bwana Hamadi kuazima gramafoni. Sherehe ikaisha na Mfaransa. Fundi akiwa kivulini aliwaangalia watu wakicheza, na mguu wake, alinieleza baadaye kwa aibu, ulikuwa unafuata.

"Yule hali, halali, haumwi," aliniambia siku aliyopona. "Mie nikikohoa wimbo unakatika. Yeye hakohoi. Nieleze, Mama Tatu, nitashindana naye vipi?"



Baada ya harusi ile hawakumwita. Au walimwita na sharti: uje upige ule wa Mfaransa. Ndani mwao njaa ikaingia. Bi Somoe alikaanga maandazi na kuyatembeza, na moshi ukamharibu macho. Akanijia mimi, nikamwambia mume wangu, mume wangu akamwombea Fundi kazi ya kupakua magunia bandarini. Alikwenda. Siku za kwanza alijikaza. Siku moja akarudi mapema, akapita bila salamu, na mimi nikiwa ukumbini nikamwona kupitia mlango wazi amekaa kitandani pembeni mwa kodiani, amevaa mikanda yake mabegani, vidole viko juu ya vifungo na havibonyezi. Vilikuwa vimevimba na kupasuka. "Sivisikii," alimwambia mkewe. "Somoe, sivisikii vifungo." Akalia kama mtoto. Bandarini hakurudi. Mume wangu alichukia na hakusema naye mwezi mzima.

Kabla sijaendelea, niseme jambo ambalo nyumba yetu tu ndiyo iliyolijua. Fundi na Bi Somoe walikuwa wamezika mtoto wa kike, kabla ya kuja Temeke, aliyefikia umri wa kutambaa tu. Baada ya matanga Fundi alitunga wimbo wa kodiani, hauna maneno, na aliupiga ndani mwao mara mojamoja, mlango umefungwa. Ulikuwa mfupi. Ulikuwa na mahali unapojikwaa kama mtoto anayeanguka akajiinua. Bi Somoe akiusikia alikuwa akiacha kazi aliyoishika na kukaa chini. Ndani ya nyumba hakuna aliyewahi kumtaka aeleze ni wimbo gani.

Ilipokaribia Idi Bwana Hamadi akapata wazo. Alitaka kujaza hoteli. Akamwambia Fundi: tutatundika shuka pembeni, gramafoni nyuma yake, na wewe nyuma yake. Wimbo wa Mfaransa utapigwa mara mbili, mara moja na santuri na mara moja na wewe. Watu waseme yupi Mfaransa wa kweli. Fundi alikubali papo hapo. Alirudi nyumbani macho yanang'aa, nikamwona kama ninavyomwona mtu mwenye homa.

"Wakinichagua mimi," alimwambia Bi Somoe, "yamekwisha. Watajua. Halafu nitawapigia wa kwetu."

"Wa kwetu upi?"

"Wa kwetu."

"Kama ni wa mwanangu," alisema Bi Somoe, "nitakuja kuusikiliza."

Alasiri ya Idi watu walifurika mpaka barabarani. Sisi wanawake tulikuwa dirishani, Bi Somoe mbele yangu, ameushika mti wa dirisha. Wimbo ukapigwa mara ya kwanza, watu wakatikisa vichwa. Ukapigwa mara ya pili. Sasa, santuri ile ilikuwa imechakaa, ilikuwa na mkwaruzo mahali fulani ambapo sindano ilirudi nyuma mara tatu kabla haijaruka mbele, na sote tulikwishazoea mrudio ule. Mara zote mbili ulikuwapo. Mara zote mbili, sawasawa. Hapo nikatambua kwamba Fundi amejifunza hata mkwaruzo, na moyo ukaniuma, kwa sababu nilijua mtu haigi kilema cha mwingine mpaka amekwisha kukata tamaa na uzima wake.

"Wa pili!" watu wakapiga kelele. "Wa pili ndiye Mfaransa! Wa kwanza ni Fundi, tumemjua!"

Bwana Hamadi akavuta shuka. Wa pili alikuwa Fundi. Amekaa kwenye kigoda, kanzu imemganda mwilini kwa jasho, anatabasamu.

Halafu mtu mmoja, sikumwona ni nani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kumbe ni huyu wetu tu."

Ndiyo hayo maneno. Hayakuwa matusi. Watu wakacheka, wengine wakasema wamechezewa, wengine wakaanza kuagiza chai. Tabasamu la Fundi lilibaki usoni kwa kuwa hakujua alipeleke wapi.

"Sasa nitawapigia wa kwangu," alisema.

Akaanza wimbo wa mtoto. Niliuona mgongo wa Bi Somoe ukinyooka. Mle ndani vikombe viligongana, mtu aliita kahawa, wawili walibishana juu ya kiti. Wimbo ulipofika pale unapojikwaa, kijana mmoja akapaza sauti, "Fundi, umekosea! Turudishie ule wa Mfaransa!" na wenzake wakapiga makofi.

Bi Somoe aliniacha dirishani. Alizunguka, akaingia mlangoni, akapita katikati ya wanaume wale waliokaa, jambo ambalo mwanamke wa mtaani kwetu hakulifanya. Akafika kwenye gramafoni, akainyanyua santuri kwa mikono miwili na kuibamiza chini kwenye saruji.

"Mwanangu anapita hapa," alisema, "nyie mnaagiza chai!"

Hakuna aliyeelewa. Wangeelewaje? Fundi ndiye aliyeelewa, na nitakachokisema sasa ndicho Bi Somoe hakumsamehe mpaka leo. Aliivua kodiani, akainuka, akampita mkewe aliyekuwa amesimama pale, akapiga magoti, akaanza kuokota vipande vya santuri. Alivipanga kwenye kiganja, akijaribu kuona vinavyoungana.

"Alinipita," Bi Somoe aliniambia njiani, hana hata chozi. "Umemwona? Alinipita mimi akaenda kumwokota yule."

Alikaa naye bado, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda. Lakini kutoka siku ile alisema naye kuhusu chumvi na maji tu.

Wateja wa Bwana Hamadi walinung'unika. Hoteli bila Mfaransa waliiona imepoa, na santuri kama ile haikupatikana hata kwenye maduka ya Uhindini. Bwana Hamadi akaja nyumbani kwetu, akakaa barazani, akasema kwa upole, "Fundi, watu wanamtaka Mfaransa wao. Kaa wewe mahali pake."

Akaenda. Kila siku alasiri, pembeni palepale palipokuwa na gramafoni, alipiga wimbo ule mmoja, pamoja na mkwaruzo wake. Siku aliyojaribu kuupita mkwaruzo moja kwa moja, walimlalamikia. Wakaanza kumwita Mfaransa. Kwanza kwa utani, kisha bila utani, kisha watoto wa mtaani wakawa hawajui jina lingine. Hakuukataa wito huo. Mara moja nilimsikia akijibu salamu ya mgeni: "Mimi? Mie Mfaransa wa Temeke." Na mgeni akafurahi kumpa mkono.

Niliwahi kumuuliza ikiwa hachoki. Alikuwa anabandika kipande cha mpira wa baiskeli kwenye mivukuto iliyoanza kutoboka.

"Wananipenda," alisema. "Angalau wananipenda."

"Wanampenda nani, Fundi?"

Akaendelea kupaka gundi.

Haikudumu. Zilikuja santuri za gitaa kutoka Kongo, na Bwana Hamadi akanunua gramafoni mpya yenye sauti kubwa. Alasiri moja Fundi alifika akakuta pembe yake imekaliwa na gramafoni hiyo. Hakuna aliyemfukuza. Alisimama na kodiani yake mpaka rekodi mbili zikaisha, akasubiri nafasi, nafasi haikuja, akarudi nyumbani. Mfaransa mwenyewe hakuna aliyemtaja tena, utasema hakupata kupigwa Temeke hata siku moja. Nilidhani Fundi angefurahi kwa hilo. Badala yake alizunguka mtaani akiuliza watu, "Mnaukumbuka ule wimbo? Mnaukumbuka?" na watu wakamkwepa. Bi Somoe alifunga nguo zake kwenye khanga moja akaenda kwa kaka yake Mbagala. Sisi tukahamia Kinondoni. Tulipokuja kusalimia, chumba kilikuwa na mpangaji mwingine.

Miaka ilipita kabla sijamwona tena, na ilikuwa Ubungo, barabara ya Morogoro, asubuhi jua limepanda. Nilikuwa nangoja gari la kwenda Kibaha kwa dada yangu. Kando ya kituo palisimama lori la manamba, wale wanaochukuliwa kwenda kukata mkonge mashambani, na wanaume wamekaa chini wakingoja kupakiwa. Mmoja alikuwa mkongwe kuliko wote. Mabega niliyatambua kwanza.

"Fundi!"

Akainua macho. "Mama Tatu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Unakwenda wapi, Fundi? Mkonge? Kwa umri huu?"

"Wamenichukua," alisema, akiwa na fahari kidogo. "Nilidhani hawatanichukua."

Nikamnunulia mhogo wa kuchoma, akala taratibu. Mikono ilikuwa ya mtu wa shoka sasa, kucha nene, nyeusi. Nikamuuliza habari za kodiani.

"Ilikufa. Mivukuto ilioza. Niliiacha nyumba moja ya Magomeni, labda watoto wanaichezea."

"Na Bi Somoe?"

"Nilimpa talaka, ameolewa. Ana amani." Akafuta mdomo. "Unajua, jirani, mpaka leo sijui yule Mfaransa alikuwa anaitwa nani. Santuri iliandikwa, lakini maandishi yao sisomi. Nimewaza huko kwao labda naye yuko mtu aliyekuwa akimshinda. Labda watu wa kwao walikuwa wakisema, aa, huyu wetu tu." Akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka tangu Idi ile, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu ambacho wenzake hawakukijali.

Mnyapara akapiga ubavu wa lori kwa kiganja. "Haya, pandeni! Mfaransa, panda wewe!"

Aliinuka upesi, kama mtu aliyezoea kuitwa. Wakamvuta mikono akaingia, akakaa kutazama mbele, kunipa mgongo. Injini ikawashwa. Hapo ndipo nilipotaka, sijui kwa nini, aondoke ameitwa walau mara moja kwa jina lake, lile alilopewa na wazazi wake, ambalo nililijua kwa kulisikia kwa Bi Somoe tu, siku alizokasirika. Nikaliita. Nililiita kwa nguvu mpaka madereva wakanigeukia. Nikaliita tena nikikimbia kando ya lori.

Hakugeuka. Hakuwa amelisikia kama jambo linalomhusu.

Jina ambalo angeligeukia nililijua, lilikuwa mdomoni mwangu. Sikulitoa. Lori likaingia barabarani, nami nikabaki nimesimama na maganda ya mhogo mkononi.